Mahali Ambapo Kaka Atasikika

Nyumba ya kona, nyuma ya soko
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

"Wageni wanakumbuka ukumbi. Maneno ya baba wa bibi harusi hayakumbukwi hata wiki moja." Hayo ameyasema binamu yetu, Mwenyekiti wa kamati ya harusi, mbele ya watu wazima, akinywa chai ya nyumbani kwangu. Kabla hata sijakusalimia nataka ujue kwamba si kweli, na kwamba nilimwambia hivyo kabla hajameza.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Dada yangu? Shemeji hajambo? Lile goti limeacha kumsumbua? Na wanangu wawili, masomo yanakwenda, au ndiyo yale yale ya kuamshwa kwa maji? Sisi huku ni wazima. Mimi nina mafua, ila hayajafika kwenye ulimi. Mume wangu anasema hiyo ndiyo hasara yenyewe.

Kwanza kabisa, asante. Siku ile ulipopiga simu tulikuwa tunagombania kukueleza habari za taa, vioo na maegesho ya magari. Ukatuacha tumalize, kisha ukauliza, "Na Kaka, mmemsikiliza akiongea humo?" Mume wangu akajifanya anakohoa. Kamati ina watu wazima tele, wenye vyeo na miwani, na swali hilo likaja kutoka kwako uliye mbali kuliko wote.

Unajua Kaka alivyokuwa. Dalali yule, akinadi kabati huku, watu waliokuwa wakipita barabara ya pili wanageuka. Tangu apasuliwe koo amebaki na mnong'ono tu, na daktari hakutuficha, sauti haitarudi. Lakini tangu wifi yetu alipofariki, Kaka ndiye aliyemlea binti yao, bibi harusi wetu, akamsuka nywele vibaya, akamsimamia masomo. Ana ombi moja tu katika harusi hii yote: asimame aseme maneno yake kwa bintiye, kwa mdomo wake mwenyewe, na watu wasikie. Na binti amesema wazi kwamba baba asiposema, yeye haoni kama ameaga nyumbani.

Tukaenda, basi, kwenye ukumbi wa Mwenyekiti. Sitaki kuwa mwongo kama yeye: ni mzuri. Ngazi za marumaru, dari iko juu huko, vioo pande zote, na vyoo vyao vinaishinda sebule yangu. Wafanyakazi walikuwa wanavisha viti vitambaa vyeupe. Fundi wa vipaza sauti akamwekea Kaka maikrofoni mdomoni. Kaka akasema. Kilichotoka ni upepo, ukagonga vioo, ukarudi, ukajichanganya na wenziwe. Fundi akaongeza sauti. Mtambo ukapiga yowe hadi mfanyakazi mmoja akaangusha rundo lake la vitambaa. Kaka akashuka jukwaani taratibu, anatabasamu lile tabasamu lake la kutuonea huruma sisi.

"Si neno," akasema Mwenyekiti. "Tutatafuta mtu mwenye sauti nzuri amsomee."

"Sawa, Baba Mdogo," akasema bibi harusi. "Na bwana harusi naye tumtafutie mwenye sura nzuri amsimamie?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini hoja ya Mwenyekiti haikufa kwa kicheko, kwa hiyo niliishughulikia njia nzima. Anasema ukumbi ndio heshima ya ukoo. Heshima gani hiyo ya kumpandisha mzazi jukwaani akae kama pambo, huku mtu mwingine anamwambia bintiye maneno ya moyoni? Marumaru haikumlea mtoto. Kama wageni wanakuja kutazama dari, tuwaambie siku nyingine yoyote milango iko wazi, wakatazame. Akanijibu kwamba mimi napenda kubishana. Ni kweli, napenda. Hilo bado si jibu.

Baada ya hapo tukawa na utaratibu wetu wa kuchagua mahali, ambao nadhani hakuna kamati nyingine duniani iliyo nao. Kaka anasimama mbele. Bintiye anakwenda nyuma kabisa na kumpa mgongo. Kaka ananadi kwa mnong'ono, kama zamani: "Kabati hili, mbao ngumu, mlango wa kioo, nani anaongeza?" Akisikia, binti anainua mkono kama mnunuzi. Asiposikia, tunaaga, tunaondoka. Tulikwenda kwenye bwalo la shule: mabati yakawa yanalia kwa joto, mkono haukuinuka. Tukaenda kwenye bustani yenye maua ya kupendeza: malori yanapita nyuma ya ukuta, mkono haukuinuka. Mwenye bustani akaniuliza pembeni kama mzee anauza kabati kweli.

Sasa sikia. Mama Mapazia unamkumbuka, yule tuliyecheza naye utotoni, aliyekuwa akitushonea nguo za midoli. Siku hizi ana karakana kubwa ya mapazia. Tulikwenda kwake kuagiza vitambaa vya meza, hatukuwa na nia nyingine. Chumba ni kirefu, sakafu ya mbao, marobota ya vitambaa yamepangwa kuanzia chini hadi darini kuta zote, na mapazia mazito yananing'inia kwa ajili ya wateja kuchagua. Sisi tunashika vitambaa, tunabishana rangi. Kaka amechoka, amejiegemeza mlangoni, akaanza kujinong'onea peke yake, "Kabati hili, mbao ngumu..."

Kule mwisho, karibu na meza ya kupigia pasi, amegeukia ukuta, binti akainua mkono.

Dada, tuliviacha vitambaa, tukageuka. Kaka akarudia, chini zaidi. Mkono ukapanda tena. Vile vitambaa vinameza kelele yote, vinamwachia yeye nafasi. Mimi unajua silii ovyo. Nililia.

"Ndivyo kulivyo humu," akasema Mama Mapazia. "Hata nikimteta mteja kwa chini, ananisikia. Wengi nimewapoteza hivyo."

Hapo hapo akajitolea. Cherehani zote atazitoa nje, marobota yatabaki yalipo, chumba ni chetu siku nzima. Hatukumwomba. Mwenyekiti akakunja uso. "Harusi kiwandani? Kwenye vumbi la vitambaa?"

"Vumbi?" Mama Mapazia akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Suruali hiyo ilitoka kwenye vumbi hilo, Mwenyekiti, na kiuno nimekuongezea juzi tu."

Namshukuru mama huyu, na sitachoka kumshukuru. Nawashukuru pia wakwe zetu watarajiwa. Nilikwenda kwao nimejiandaa kwa vita, hoja zimejaa mdomoni, wao wakasema tu, "Tunakuja kupokea mtoto, hatuji kununua jengo." Nikarudi na hoja zangu zote, sina pa kuzitua.

Na haki ni haki: hata Mwenyekiti namshukuru. Wageni wote hawatatosha kukaa kula mle ndani, kwa hiyo chakula kitakuwa uani, naye ameleta turubai lake mwenyewe na kulifunga kwa mikono yake, jasho linamtoka. Nimempa chai. Neno langu sijalifuta.

Wasalimie majirani zako wanaokusaidia huko, na msalimie mama mkwe wako, mwambie shuka alizoleta bado tunazitumia. Mume wangu anawasalimu. Kaka anawasalimu sana. Mungu awape afya, awafungulie njia, na awaweke pamoja kama mlivyo.

Limebaki moja. Binti ameniambia umemwandikia kwamba pengine hamtaweza kuja, tuwarekodie. Tumejaribu, Dada. Tulimrekodi Kaka kwa simu ya kila mtu. Inaingia pumzi, unaingia mlio wa saa ya ukutani, maneno hayaingii. Sauti aliyobaki nayo inamfika mtu aliye chumba kimoja naye, basi. Kwa hiyo wewe, Dada, kesho asubuhi kaombe ruhusa kazini. Shemeji, goti litapumzishwa huku, kiti chako kipo. Na ninyi wanangu wawili, zimeni simu, fungeni mabegi, mje mkae kimya mumsikie mjomba wenu.

Mdogo wako asiyeacha kukupenda wala kukugombeza,
Shangazi wa bibi harusi