Picha 214 Kwenye Pembe ya Leso

Dada Kagwiria,

Picha zangu 214 zilipotea Jumanne asubuhi hapa Ishiara. Ni wewe uliyenifundisha kufunga kila kitu cha thamani kwenye pembe ya leso, basi nikafunga kadi ya kamera. Halafu nikamzawadia mwenyeji wangu, Mama Wanja, leso hiyohiyo bila kukumbuka. Alipoifua kwenye jiwe, kadi ilivunjika vipande viwili.

Nilinuna. Kamera nimejifunza mwenyewe miaka kumi na tisa, bila mwalimu! Mama Wanja akacheka: "Wewe, zilizovunjika ni picha, sisi tuko wazima. Ngoja tuvae viatu, utupige upya." Akaita soko lote. Nikatia kadi mpya kwenye kamera, nao wauza ndengu wakajipanga upya kwenye jua kali, huku wakinitania, "Sasa kadi hii usiigawe!" Nimepata 213. Mungu awabariki, sijawahi kupendwa hivi ugenini.

Imebaki moja tu, ile ya marehemu mama akicheka. Nilikutumia siku ya mazishi. Nakupenda sana, lakini kwa simu huwa unanizungusha, ndiyo maana naandika: bado unayo, au uliifuta? Nijibu kabla ya Ijumaa ijayo, saa sita mchana.

Mdogo wako,
Nkirote