Kombati Tatu Nilizomshonea Shemeji

Masasi,
Jumatatu mchana.

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo dada. Mdogo wako Rehema ni mzima wa mwili, na naomba barua hii ikukute wewe na mwanao mkiwa wazima. Mguu wa mama unaendeleaje, bado unavimba? Uwele mwaka huu umekubali, au ndege wameumaliza? Huku korosho zimeanza kuanguka na joto ni kali. Kazi ya kushona ipo, maana watu wa huku wakishauza korosho ndipo wanakumbuka kuoa.

Barua hii nimempa Mwalimu Tatu, jirani yangu, anayekuja Singida kumuuguza baba yake. Nimemwomba afike Mgori akupe mkononi, akukute shambani, si nyumbani. Usiseme kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara nne, na mara zote amepokea shemeji Hamisi. "Dada yako yuko shamba." "Dada yako amelala." Ametoka gerezani, na siku hizi simu yako inakaa mfukoni mwake. Tafuta mahali ukae peke yako, dada, ndipo uendelee kusoma.

Unakikumbuka kibaraza changu cha kushonea kule Singida, karibu na lango la kambi ya jeshi. Ulikuja mara moja tu, ukasema huwezi kuishi mahali tarumbeta linakoamsha watu kama kuruta. Mimi nilipazoea. Asubuhi vijana walipita mchakamchaka wakiimba, vumbi likapanda hadi kwenye yale mawe makubwa. Siku za shabaha kuku wa mtaa mzima waliingia uvunguni. Wake wa askari waliniletea magauni, waume zao wakaniletea kombati zilizochanika. Nilijua nani amepanda cheo kabla mkewe hajajua, kwa sababu tepe nilishona mimi.

Aliyenipa kazi ile ni Koplo Eliwaza, mwanamke wa makamo aliyesimamia stoo ya nguo kambini. Siku ya kwanza alisimama mbele ya cherehani yangu, nikampa kiti akakikataa.

"Rehema, iliyochanika utashona. Mpya usishone, hata aje mkubwa gani. Nguo hii akiivaa asiyestahili, mtu ataumia."

"Sawa afande," nikajibu. Nilidhani ni ukali wao tu wa kijeshi.

Sasa nakueleza jambo ambalo nimelificha miaka yote hii. Wewe ulikuwa na mimba ya huyu mwanao, miezi saba. Shemeji alikuja pale kibarazani Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Alikuwa na mfuko wa salfeti. Ndani kulikuwa na kitambaa cha mabaka, kipya kabisa, sijui alikitoa wapi.

"Nishonee tatu. Moja saizi yangu, mbili za rafiki zangu. Tumepata kazi ya ulinzi mgodini."

"Shemeji, hii siruhusiwi. Walinzi wa mgodi wana sare zao."

Alicheka. Unakijua kile kicheko chake cha kuangalia pembeni. "Dada yako anakaribia kujifungua. Unataka nikamwambie kazi niliipata, ila mdogo wake kaninyima nguo?"

Dada, nilishona. Sikushikiwa kisu. Nilishusha pazia mchana kweupe, nikakata, nikashona siku nne, na kila buti lilipopita nje nilisimamisha cherehani. Alipokuja kuzichukua alijaribu moja mbele ya kioo changu. Nilimwona akibadilika. Alinyoosha mabega, akanitazama kama hanijui, akasema, "Lala chini!" Kisha akacheka tena. Mimi sikucheka.

Hazikupita wiki mbili. Wafanyabiashara wa ng'ombe waliotoka mnadani walisimamishwa porini na watu watatu wenye kombati. Walitii. Nani hatatii nguo ile? Wakalala kifudifudi kama walivyoamriwa. Mzee mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa akauliza, "Wanajeshi gani mnavaa kandambili?" Wakampiga kwa rungu mpaka jicho likaharibika. Lakini yule mzee aliung'ang'ania mkono wa mmoja wao, na kipande cha nguo kikabaki kiganjani mwake.

Mtaa wetu ukabadilika siku ile ile. Wake wa askari hawakuja kusuka wala kupiga soga. Langoni waliongeza walinzi, na watu tuliozoea kusalimiana nao wakatuangalia mikono. Adhuhuri Koplo Eliwaza alikuja, akaweka kile kipande juu ya meza yangu. Kilikuwa na damu iliyokauka.

"Huu mshono unaujua?"

Niliujua. Kwapa nilikuwa nimelirudia mara tatu, vile mama alivyotufundisha ili nguo isiachie. Nilikigeuza kile kipande, nikakirudisha mezani. Hakunifokea. Alisema tu, "Nakwenda kambini. Nikirudi nitakuuliza tena."

Dada, muda ule ndio mrefu kuliko wote niliowahi kuishi. Begi langu lilikuwa pale, stendi si mbali. Nilikuwaza wewe na tumbo lako. Nikamwaza na yule mzee, nikawaza safari ya pili ya wale watu, kwamba safari hiyo hawataishia kwenye jicho. Koplo aliporudi nilimwambia, "Ni Hamisi, mume wa dada yangu." Nikamwomba jina langu lisitajwe. Alinitazama kwa huzuni, akaniambia atajaribu.

Mimi ndiye niliyemtaja, Zuhura. Ulipiga kelele mbele ya watu kwamba zile kombati polisi walizozifukua kwenye ghala lenu la uwele zimepandikizwa. Hazikupandikizwa. Nilizishona kwa mikono yangu. Zile siku nilizokuambia nilikuwa Manyoni kwa rafiki nilikuwa mahabusu. Walinionya wakaniachia, kibaraza kikafungwa, nikapanda basi bila kukuaga kwa sababu nisingeweza kukutazama. Yule mzee hakuweza kuwatambua kwa sura, wakafungwa kwa kosa la sare tu, ndiyo maana shemeji na wenzake wametoka mapema.

Sikukuandikia haya ili unisamehe. Kama huwezi, usinisamehe. Nimeandika kwa sababu ya Shabani.

Shemeji siku zote aliamini aliyewataja ni Shabani, mmoja wa wale wenzake wawili. Ile mara ya mwisho tulipoongea mimi na wewe, uliniambia Shabani amekutwa bwawani amekufa, na watu wanasema alilewa akateleza. Dada, Shabani tumekua naye. Umewahi kumwona anagusa pombe? Ukaniambia pia kwamba tangu siku ile shemeji amekuwa mpole, na anauliza sana habari zangu. Anauliza Masasi nakaa mtaa gani, na kama siku zile za kambini nilikuwa na rafiki askari.

Mchukue mtoto uende Utemini kwa shangazi. Usibebe vitu, sema unampeleka kliniki. Kwa shangazi kuna watu wengi, na kituo cha polisi ni karibu. Mimi nimekwenda polisi hapa nimeeleza yote, na mwenye nyumba wangu anajua. Safari hii sihami.

Msalimie mama, mwambie nampenda na shikamoo yake ninayo. Nisalimie mjomba mfuga nyuki, na shangazi wa Utemini, na yule bibi jirani aliyetufundisha kusuka ungo. Mbusu mwanao kwa niaba ya mama mdogo asiyemjua.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Rehema.

Dada, nilikuwa nimeshafunga bahasha na Mwalimu amesimama mlangoni, nimeifungua tena. Simu yako imeniita sasa hivi. Nimepokea kwa furaha nikajua ni wewe. Nikasikia mtoto analia kwa mbali, kisha yeye akasema taratibu, "Shemeji, yule koplo wako nimeonana naye. Amestaafu siku hizi, anaishi Mandewa, peke yake." Akakata. Namba ya Koplo nimeipiga, inaita tu. Mwalimu atapita Mandewa kwanza, ndipo aje kwako. Nimemwambia akuambie kwa mdomo: usisubiri kuisoma barua, ondoka.