Ubeti Uliokatwa Nairobi

Miyuji, Dodoma
Alhamisi, 14 Julai 1994
Asubuhi ya leo: baridi kali, upepo wa vumbi, jua halikuonekana hadi saa nne.

Mpendwa Dada Scolastika,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi cha mdogo kiwe kimekwisha. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu kichwa changu hakijatulia tangu wiki iliyopita. Hata sasa nimeshainuka mara kadhaa kabla ya kufika mstari huu, mara nifunge dirisha, mara nilifungue.

Barua yako niliipokea jana kwa mkono wa kondakta. Umenikaripia, wala sikulaumu. Umesema Mama aliaga anakuja kunitazama siku mbili, na sasa ni wiki nzima. Umesema Baba hali akashiba, na kwamba Mama asiporudi Jumapili atawaita wajomba waje kumwambia kama bado wana dada aliyeolewa Busi. Umesema pia kwamba jirani yetu Bartolomayo, kila Baba anapopita karibu na kilabu cha pombe, humwimbia, “Cecilia, rudi nyumbani,” na watu wanacheka hadi wanapaliwa. Baba, katekista mzima, anapita ameinamisha kichwa. Mwisho umeniuliza ni mwanamume gani huyo anayemwita mama yetu redioni. Nitakujibu, ila niruhusu nianzie mwanzo, maana nikirukia mwisho hutaniamini.

Unajua tulivyolelewa. Redio ya Baba ilikuwa ya taarifa ya habari, matangazo ya vifo na kwaya za Jumapili. Ikianza kitu kingine anaizima, anasema anatunza betri. Shuleni wenzangu walinizoesha nyimbo za Ulaya na Marekani, zile ambazo kanda zake siku hizi zimejaa kila duka hapa mjini. Kwa hiyo nilipokuja Dodoma mwaka jana kuanza kazi ya kupiga chapa, muziki wa dansi wa miaka ya sitini nilikuwa siujui kabisa. Niliusikia mara ya kwanza kupitia ukuta wa chumba changu.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Damas, ni mstaafu wa reli. Ana santuri kabati zima, na gramafoni ambayo haruhusu mtu mwingine kuigusa. Kila Jumapili baada ya misa wazee wenzake wanakuja uani, Wakristo kwa Waislamu, kila mmoja na kigoda chake, wanasikiliza hadi jua linapoinama. Mwanzoni walinichosha. Nilisikia wimbo mmoja tu unaorudiwa mchana kutwa. Siku moja nilipokuwa nafua, Mzee Damas akanicheka, akasema mikono yangu inafua kwa mapigo ya wimbo huku uso umenuna. Akaniita. Akaniambia, “Binti, usimsikilize mwimbaji. Mwimbaji anasikilizwa na kila mtu. Msikilize yule wa nyuma.”

Basi nikaanza kuwasikiliza wa nyuma. Kwanza gitaa la besi. Siku nilipofanikiwa kulisikia peke yake, likitembea chini ya wenzake kama mtu anayejua aendako, nilisahau ndoo yangu bombani ikafurika, na wanawake waliokuwa foleni wakanitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika. Halafu gitaa la pili, halafu saksafoni. Nikajua kwamba wimbo unaanza taratibu kwa maneno, kisha waimbaji wananyamaza, magitaa yanaanza kukimbizana, na hapo ndipo wazee wanaacha vigoda. Sehemu hiyo wanaiita chemko. Usiku naandika katika shajara yangu tarehe, bendi, na kitu kipya nilichosikia. Ofisini vidole vyangu vikaanza kupiga chapa kwa mwendo huo, hata bwana mkubwa akauliza kama kinachoumwa ni mashine au ni mimi.

Usidhani muziki huu unanituliza, dada. Unaniinua. Wale watu waliimba kama watu ambao mwaka unaofuata ni wao. Mimi nimekulia kwenye foleni za sukari. Nikiwasikia nataka kutoka nje, nataka kwenda mahali, na sijui ni wapi.

Sasa nije kwenye kadi. Katika santuri za Mzee Damas kuna moja ya bendi iliyoitwa Nyota ya Kati, iliyopigwa mwaka 1966. Mwanamume anaimba:

Cecilia, rudi nyumbani,
uwele umeiva, ndege wanamaliza.

Nilifurahi kusikia jina la Mama ndani ya wimbo mzuri vile. Nikanunua kadi ya salamu za redio, kama wanavyofanya watu wote, nikaandika kwamba wimbo huo umwendee mama yangu mpenzi, Bi. Cecilia wa Busi, Kondoa. Ndivyo tu nilivyowaza: jina na jina. Sikufikiri kwamba kijiji kizima kitasikia mwanamume mgeni anamwita mke wa katekista arudi nyumbani, na Mama yuko nyumbani tayari. Mtangazaji naye, kwa utani wake, akaongeza kwamba Bi. Cecilia afanye haraka, anasubiriwa. Nilikuwa nimekaa uani na wazee, nikapiga makofi. Mjinga mimi.

Mama alifika Alhamisi iliyopita na basi la Kondoa, ana mfuko wa karanga. Hakungoja nimwamkie. Akauliza, “Ule wimbo umeutoa wapi?” Nikamwonyesha kabati kupitia mlango wa Mzee Damas. Akaomba auone ule uso wa santuri wenye maandishi, akausoma akiuweka mbali kidogo na macho, akausoma tena. Kisha akaniuliza kama Elieza bado yu hai.

Nilishtuka, dada. Elieza ndiye jina lililoandikwa pale kama mtunzi na mwimbaji. Nikaamini ndiye anayemwita Mama. Mzee Damas akajibu bila kufikiri kwamba yu hai, anakaa Ihumwa karibu na reli, na Jumapili hakosi kuja hapa. Mama akasema atamsubiri. Toka hapo hadi Jumapili alifagia ua ule wa watu asubuhi na jioni, akapanga vyombo vyangu upya, akavipangua. Nilimwuliza mara moja tu kama kulikuwa na kitu kati yake na mtu huyo. Akanitazama kama nimemwaga unga.

Jumapili Elieza akaja. Ni mzee mrefu, shati limenyooshwa vizuri, sauti bado ipo. Mzee Damas, ambaye hajui kunyamaza, akamtambulisha Mama mbele ya watu wote kuwa ni Cecilia wa kwenye wimbo. Elieza akacheka, akasema, “Dada yangu, kila Cecilia wa mkoa huu ameshanijia. Mmoja alikuja na mumewe ana fimbo.” Wazee wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama hakucheka wala hakukasirika. Alimwuliza tu ubeti wa tatu uko wapi.

Elieza akasema wimbo ule una beti mbili. Mama akasema una tatu. Akaanza kuuimba palepale, ameketi, mikono juu ya mapaja, kwa sauti ambayo mimi na wewe hatujawahi kuisikia hata kanisani:

Nimesikia, nimesikia, ila miguu haitaki;
mwambieni aliyetoa ng'ombe, moyo bado uko njiani.

Elieza aliweka kikombe chini, kikaanguka, hakukiokota. Kisha akasema polepole kwamba kule Nairobi walikorekodi mashine ilikuwa ya dakika tatu, na fundi aliwaonyesha kwa mkono kwamba wakate, nao wakakata wa mwisho. Mama akamwuliza, na jina je, jina nalo lilizidi dakika tatu? Mzee akajibu, “Ningesema nini, Cecilia? Kwamba wimbo wa bendi umetungwa na msichana wa kuchota maji? Wangetucheka.” Mama akasema, “Basi wangecheka.”

Ndiyo, dada. Hilo ndilo jibu la swali lako. Hakuna mwanamume. Ule wimbo aliutunga Mama.

Usiku ule akanieleza. Mwaka 1966 alikuwa hapa Dodoma kwa shangazi yake, anajifunza kushona kwa masista. Bendi ilifanyia mazoezi nyumba ya pili, kulikuwa na ua wa mabua tu katikati. Nyumbani Busi walikuwa wamekwisha kupokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa Baba, na bibi akawa anatuma watu wamwambie arudi, mavuno yamefika, harusi imefika. Mama akayageuza maneno ya bibi kuwa wimbo, kwa sauti ile tunayoitana nayo shambani tunapoamia ndege wasile uwele. Aliuimba akifagia. Elieza akausikia, akamwita uani, akamwomba arudie mstari kwa mstari huku yeye anautafuta kwenye gitaa. Mama aliomba aende kuuimba mwenyewe ukumbini. Wakamwambia msichana hasimami mbele ya watu wanaokunywa. Bendi ilipotoka Nairobi na santuri, yeye alikuwa Busi tayari, ameolewa.

Aliusikia mara ya kwanza dukani Kondoa, alipokwenda kununua chumvi. Wewe ulikuwa mgongoni. Anasema alisimama hadi ukaisha, akingoja ubeti wa tatu, akasikia sindano inakwaruza tu. Akanunua chumvi akarudi. Hakumwambia mtu. Kumbe zile nyimbo Baba alizokuwa anazizima, dada, Mama alikuwa anashukuru zikizimwa.

Sasa sikiliza yaliyobaki, maana ndiyo yanayoninyima utulivu. Elieza aliondoka Jumapili bila kuaga. Jumatatu jioni akarudi, amevaa koti. Akasema mbele ya Mzee Damas kwamba shirika lililokuwa na bendi yao linauzwa, na vyombo vya muziki vitapigwa mnada pamoja na viti na matrela. Jumamosi hii, yaani keshokutwa, wazee waliobaki watapiga dansi la mwisho katika ukumbi wa Ihumwa, kuanzia saa kumi jioni. Anataka Mama asimame auimbe, beti zote tatu, naye atatangaza kwa mdomo wake nani aliutunga. Mama hakumwambia asante. Alimwuliza mazoezi ni saa ngapi.

Kwa hiyo siwezi kumrudisha kabla ya Jumapili. Nimemsihi. Jana nilimwambia njia rahisi: tumweleze Baba kwamba wimbo ni wake, hakuna mwanamume, Bartolomayo afunge mdomo, na mambo yaishe. Ubeti wa tatu tuuache. Baba atafurahi kujua mkewe hakuwa na mtu, lakini atafurahije kujua kwamba aliyetoa ng'ombe ni yeye, na miguu haikutaka? Mtu wa miaka hamsini na tano asikie hayo ukumbini? Nadhani angeona afadhali angekuwapo mwanamume.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema, “Elieza aliukata kwa ajili ya mashine. Wewe unaukata kwa ajili ya nini?”

Nilitoka nikazunguka nyumba. Niliporudi akaniambia hivi, nami naandika kama alivyosema: “Mwambieni baba yenu miguu haikutaka, nami nilikuja. Nimemzalia watoto sita. Yeye anadhani nilikuja tu. Hajawahi kuniuliza.”

Dada, nakuomba jambo zito, na wewe ndiwe mkubwa wetu. Barua hii naipeleka stendi kesho alfajiri, utaipata jioni. Msomee Baba. Usimsomee ukiruka. Nilitaka kukuomba uruke, nikaona aibu. Ukimaliza mwambie kwamba basi la asubuhi linafika hapa saa nane, na nitakuwa stendi kumsubiri, aje au asije. Asiwaite wajomba kabla hajasikia kwa masikio yake. Akikasirika, akasirike na mimi niliyetuma kadi. Na mimi pia nakuambia wazi usije ukashangaa kwa kuambiwa na watu: katika wimbo ule kuna kiitikio, wanaitikia wawili, na mmoja wao ni mimi. Tumefanya mazoezi siku tatu. Sijui nitafanya nini na mikono yangu mbele ya watu.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mwambie Kristofa kaka yetu asibishane na Bartolomayo, amwache. Majirani wanaoniulizia wape salamu zangu. Mama anakusalimu, anasema kuku wake mweusi usimchinje. Mungu akutunze dada yangu, na akupe maneno mazuri utakapokuwa mbele ya Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Frida

Naongeza Ijumaa alfajiri, kabla ya kufunga bahasha. Jana tulipozima taa nilidhani Mama amelala. Baadaye akauliza gizani, “Unadhani atakuja?” Nikasema sijui. Akasema, “Akija, asikae mbele. Nitasahau maneno.” Nilimsikia akijigeuza muda mrefu. Nimelala saa tisa kasoro robo.