Negativu za Kopo la Maziwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Picha za paspoti asubuhi nzima. Watu wa Nakawa hawajui kutulia mbele ya kamera. Mmoja alifumba macho kila nilipobonyeza. Nikamwambia, kale ssebo, haya bwana, utasafiri umefumba macho hivyo hivyo.

Jioni nimewasha tena skana ya filamu. Ssalongo, mwenye studio, aliinunua kwenye ofisi ya gazeti lililofungwa. Alinunua na kompyuta yake kuukuu, kwa sababu programu ya skana haikubali kompyuta mpya. Nimeweka ukanda mmoja wa negativu za Baba. Picha imetoka na miviringo miviringo, kama mafuta juu ya maji. Filamu imejikunja, inagusa kioo. Ovyo kabisa.

Daktari wa macho alisema wiki iliyopita: presha ya macho imekula mshipa. Kilichokufa hakirudi. Baba anaona katikati tu sasa, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Nikauliza, mpaka lini? Hakuna ajuaye. Baba hakuuliza kitu. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema. Anataka kumwona marehemu mama yangu kwenye picha, mara moja tu, maana uso wake umeanza kumpotea.

Albamu zote zilikwenda na maji mwaka ule mtaa wetu wa Namuwongo ulipofurika hadi vitandani, mimi bado mtoto mdogo. Kilichobaki ni kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Ndani ni negativu tu, zimeota ukungu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimelaza kanda zote chini ya cherehani ya Mama Bahati ili zinyooke. Mama Bahati ni jirani yetu, Mkongomani wa Uvira, anashona mlangoni pake na kumwangalia Baba nikiwa kazini. Cherehani yake ni nzito kuliko dhambi. Zimenyooka.

Leo hakuna miviringo. Imetoka picha ya Baba kijana, na sare ya polisi na bunduki begani. Nimempelekea kwenye simu. Ameisogeza, ameirudisha, ameitafuta kwa lile tundu lake la kuonea. Halafu akaguna.

"Bunduki yangu iko upande gani hapo? Mimi si mashoto, mama."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Ni kweli, nilipindua filamu. Namba za pembeni zilikuwa zinasomeka kinyumenyume na sikutazama. Yeye asiyeona sahani ya ugali ameona bunduki. Nimefurahi, na nimeona aibu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Studio imefungwa, Ssalongo kaniachia ufunguo. Nilimwacha Baba na redio, anasikiliza gwaride. Kila kamanda alipopiga amri, mgongo wake ulinyooka.

Nimempata Mama. Negativu moja tu katika kopo zima.

Anatoka kwenye kile kibanda cha bati cha mviringo cha askari, kile walichokiita mama-ingia-pole kwa sababu mlango wake huupiti bila kuinama. Ameinama nusu, ameshika beseni, anacheka na anayempiga picha. Mtoto yuko mgongoni. Mtoto haonekani, unaonekana mguu tu. Ule mguu ni wangu.

Simkumbuki. Nimejaribu tangu nikiwa mdogo. Alikufa kabla sijajua kusema sentensi nzima. Nimekaa namtazama kwenye skrini, mgeni kabisa, na ana pua yangu.

Nimelia kidogo. Halafu nikaukasirikia ukungu. Umetapakaa kila mahali, madoadoa, nywele, mikwaruzo, hadi usoni. Sitampelekea Baba takataka hii. Mke wake mmoja, picha moja, macho ya kuazima. Atamwona safi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Programu ina kitufe cha kuondoa vumbi yenyewe. Nikakibonyeza. Banange, jamani! Mashavu ya Mama yameyeyuka, mdomo umekuwa tope. Nimepiga kelele hadi mteja akatoka kwenye kiti.

Ssalongo amekuja akacheka, kisha alipoona ni nani akaacha. Kile kitufe ni cha filamu za rangi. Hii nyeusi-nyeupe ina fedha ndani yake, na mashine inadhani fedha ni uchafu. Ameniambia nizime kila kitu cha otomatiki, niskani taratibu, giza na mwanga nipime mwenyewe. Madoa yaondolewe kwa mkono, moja moja, kwa jicho la binadamu.

Akaniambia pia nimpelekee mzee ile ya kwanza kama ilivyo. Nimekataa. Akainua mabega.

Jumapili, 12 Oktoba

Baba amekosa kikombe mara ngapi leo sijui. Anakitafuta mezani kwa vidole kama anatafuta sindano.

Mama Bahati amenishika mkono uani. "Eee mama, unangoja nini? Mzee anauliza kila siku. Muonyeshe tu vile iko!" Ngoja ngoja huumiza matumbo, akasema. Nikamjibu vibaya, nikamwambia ashone nguo zake. Hakustahili. Ameendelea kukunja kitambaa bila kuniangalia.

Lakini sijabadili mawazo. Baba alikuwa mtu wa pasi na kiwi, viatu unajiona ndani yake. Hawezi kupewa mke mwenye ukungu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimenunua famasi pamba, spiriti safi, na kile kipira cha kuvuta makamasi ya watoto. Hakuna kinachopuliza vumbi kwenye filamu vizuri kama kipira hicho. Famasi wameniuliza mtoto ana umri gani. Nikasema mzee sana.

Nimefuta taratibu, upande unaong'aa kwanza. Ukungu mwingi umetoka. Nimepuliza, nimeskani tena. Afadhali, afadhali sana. Nywele zake sasa ni nywele. Beseni lina maua.

Yamebaki madoa matatu chini ya jicho, yamepangana. Spiriti haikuyatisha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kila saa ya chakula nakaa na chapati yangu na maharage mbele ya Mama. Nakuza uso hadi ujaze skrini, nachukua kipande cha ngozi safi, nafunika doa. La pili, la tatu. Shingo imeniuma. Kazi hii ni kama kuchagua mchele.

Nyumbani Baba amejimwagia chai ya moto mkononi. Hakusema, nimeona malengelenge mwenyewe. Nikampaka dawa. Akauliza, "Tayari?"

Bado, Baba. Jumapili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tayari!

Ukuta wa bati, nimesafisha. Anga, nimesafisha. Yale madoa matatu mabishi nimeyaacha mwisho, nikayaondoa leo taratibu mpaka shavu likawa laini kama la mtoto. Huwezi kujua palikuwa na kitu. Kompyuta ilikataa kuhifadhi, imejaa. Nikafuta zile skani za mwanzo, chafu zote, nikahifadhi hii.

Nimeichapa kubwa, karatasi nzuri ya harusi. Ssalongo aliitazama muda mrefu, akasema kazi safi. Nimejisikia fundi. Nimerudi na Mama kifuani, nimemkinga na mvua kwa mwili wangu.

Jumapili, 19 Oktoba

Siwezi kuandika vizuri.

Nilimkalisha Baba mlangoni palipo na mwanga. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu yake nyeupe. Mama Bahati alikuja na kiti chake. Nikamwekea picha mikononi. Akaanza kuitafuta, juu, chini, akafika usoni, akasimama hapo. Nikangoja acheke au alie.

"Hapana," akasema. "Hii si yeye."

Nikasema ni yeye, Baba, ona kibanda, ona beseni.

"Kibanda nakijua. Beseni najua. Hii ni mutu mingine. Alama yake iko wapi?"

Alama gani?

Akagusa chini ya jicho lake, upande wa moyo. Chale tatu. Kwao Mama, karibu na Arua, alichanjwa akiwa msichana. Baba alikuwa akizipiga busu hizo kila alipokwenda zamu. Watu wote wa kambi walimjua kwa chale zile. Wote ila mimi.

Akanirudishia picha kwa adabu, kama mtu anayerudisha barua iliyokosea nyumba. Mama Bahati akainuka na kuchukua kiti chake.

Nimeufuta uso wa mama yangu. Kwa mkono wangu, na nikajisifu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimefika studio kabla ya kufagiliwa. Negativu ipo, chale zipo ndani yake, niskani tu upya. Kompyuta haikuwaka. Nimebonyeza, nimechomoa, nimechomeka. Inakoroma kidogo inanyamaza.

Nikashika negativu dirishani nikaipiga kwa simu, nikaigeuza rangi. Simu nayo ikalainisha ngozi yenyewe, kana kwamba Mama ni bibi harusi. Chale hazikuonekana. Nilitaka kuitupa barabarani.

Jumatano, 22 Oktoba

Fundi wa kompyuta anasema kilichokufa ni ubao mkuu wa ndani. Anatafuta wa zamani kama ule. Nimezunguka studio nyingine zote. Skana za filamu? Wananicheka. Mmoja ameigeuza yake kuwa meza ya chai.

Mvua inanyesha mtindo mmoja. Mtaro wa reli umejaa. Kopo nimelipandisha juu kabisa.

Baba haulizi tena kama tayari. Afadhali angeuliza.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ameniita akauliza kama alfajiri imeingia, atawadhe.

Jua lilikuwa limewaka. Lilikuwa usoni pake, nililiona likimpiga machoni. Mama Bahati alikuwa ameshaanza kushona.

Nikasimama na birika mkononi. Nikamwambia, Baba, kumekucha zamani. Akageuza kichwa huku na huku, taratibu, kama anatafuta mlango wa nyumba yake. Kisha akasema alhamdulillahi na akaomba maji.

Nimemmiminia. Akatawadha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Daktari amemulika. Jicho la kulia, la kushoto. Amezima tochi yake akaandika. Hakuna la kuongeza.

Ile ya kwanza, ya tarehe tisa, chafu, yenye ukungu. Angeiona. Ilikuwa na chale zote. Ssalongo alisema, Mama Bahati alisema, na mimi nilijua zaidi. Najichukia leo na sitaki mtu aniambie pole.

Jumanne, 28 Oktoba

Mama Bahati nimemwomba radhi. Akasema, "Iko sawa, mama," akanipa viazi. Hajasahau lakini amenipa viazi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kompyuta imewaka. Ssalongo amenipigia simu mwenyewe. Nusura nisiende. Kwa ajili ya nani?

Nimekwenda. Namba za pembeni zinasomeka sawasawa, kila kitufe cha otomatiki kimezimwa. Nimeskani mara moja, sikugusa kitu. Ukungu uliobaki umebaki, mkwaruzo wa angani umebaki. Na chale zake tatu. Sasa naziona ni chale. Zina kivuli chake kila moja, zimeinuka. Uchafu hauna kivuli. Mtoto mdogo angeona.

Nimeichapa kubwa kama ile. Sikujua nifanye nayo nini.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua imepumzika. Nimefua, nimeanika.

Asubuhi niliazima sindano kwa Mama Bahati. Nikaishika picha dirishani kupata mahali pa chale, nikailaza kifudifudi juu ya mto, nikatoboa kwa nyuma kidogo kidogo, ili kwa mbele paumuke. Vituta vitatu, mstari mmoja.

Baba alikuwa amekaa mlangoni, mahali pake. Nikamwekea picha mapajani, nikamshika kidole nikakipeleka. Sikumwambia kitu.

Akagusa. Akarudia. Kidole gumba kikapita juu ya vile vituta, kikarudi. Midomo yake ilicheza.

"Ya mwisho si hapa," akasema. "Iko chini kidogo." Akabonyeza kwa ukucha. "Hapa."

Nikainama nikatazama. Ukucha wake ulikuwa juu ya chale yenyewe. Ya tatu iko chini kidogo kuliko mbili za kwanza, wazi kabisa kwenye picha. Mimi nilizitoboa kwa mstari ulionyooka, ili zipendeze.

Nikachukua sindano nikatoboa pale alipoonyesha. Akagusa tena. Akauliza kama Mama anacheka. Nikasema anacheka, Baba, anakucheka wewe. Akasema alijua, siku ile ni yeye aliyempiga picha, na mwanzoni alikuwa amesahau kufungua kifuniko cha kamera.

Ameshinda na picha mapajani. Nguo zimekauka, nimezianua.