Sori ya Mwanao

Mama,

Migomba yako bado imesimama. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Mwanao Asajile alifika Kawetele siku ya mazishi yako, katokea Dar na tai shingoni. Tangu biashara iwe huria naye aanze kuuza majokofu ya mtumba, Kiswahili kimemwisha. Kabaki na neno moja, sori, na analitumia kama kapera anavyotumia sufuria moja: chai humo, ugali humo, maji ya kuoga humo. Kamkanyaga mama mchungaji, sori. Hakusikia alichoulizwa, sori. Kaombwa alale msibani, sori, ana safari. Sisi ndaga yetu nayo ina kazi nyingi, ya asante na ya pole, sikatai, lakini hatuisemi huku tunatazama saa.

Halafu akaja kwangu. Nilimwangukia begani nikilia, akanipigapiga mgongoni: "Sori, dada."

Machozi yalikauka, Mama. Ni nani humpa mwenzake pole kwa kifo cha mama yao wote wawili? Pole hutoa mgeni. Mfiwa hupokea.

Wanawake waliokaa chini, kwenye majani ya migomba, walisikia. Hawakubishana naye. Walimletea kiti, wakamnawisha, wakampa wali na paja la kuku, huku sisi wenye msiba tunakula makande. Akadhani anaheshimiwa. Alikula vizuri sana.

Tulipotoka kaburini, akasimama kusema la kwake. Ana rafiki anataka shamba lako, kwa kuwa liko barabarani, ajenge gesti na baa. Migomba ing'olewe. Wewe utawekewa uzio, ulale karibu na muziki.

Baba mdogo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Ndaga, mgeni wetu. Umekuja kutupa pole, tumepokea. Habari za shamba tutazungumza sisi wafiwa."

Hakuna aliyecheka. Asajile alinitazama, akingoja nimtetee, niseme huyu ni wa nyumba hii. Nilimwongezea chai.

Aliondoka kabla giza halijaingia. Namdharau, Mama, na sitakuficha. Yule ndiye uliyembeba mgongoni kwenye mvua mpaka hospitali, alipougua surua. Na wewe hukumwambia sori. Ulimwimbia njia nzima, mimi nikiwa nyuma yako nimeshika kanga yako.

Lala, Mama. Nakuahidi, maadamu nina nguvu ya kushika jembe, hakuna atakayegusa mgomba wako. Na mwanao akirudi siku moja akakulilia kama mtoto anavyomlilia mama, hata asiposema neno, nitakaa naye chini tulie wote. Akija na sori yake, nitamkaribisha chai, kisha nitamsindikiza hadi barabarani, kama tunavyofanya kwa mgeni yeyote.

Binti yako,
Subilaga