Kushotoni kwa Mlinzi

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mpe Mama, maana najua barua hii ataifungua yeye kwanza kisha ajifanye ameikuta wazi. Mnaendeleaje huko? Goti lako limetulia, au bado linatabiri mvua? Mimi mzima, nakula na kulala, na karakana iko kama ulivyoniachia, isipokuwa kalenda.

Vyerehani havikosekani. Juzi nilifungua kimoja cha mshona sare za shule kilichokuwa kinakata uzi kila baada ya pindo mbili. Kumbe mwanawe alikuwa ameficha karatasi ya pipi chini ya bobini! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mama amenitumia ujumbe kwamba nimeota pembe, simu sipokei, na nikipokea najibu kwa mkato. Tafadhali usimkubalie wala usimkatalie mpaka umalize kusoma.

Kwanza nikueleze mchezo wangu wa Jumapili, ule uliouliza kama ni kamari kwa sababu una dadu. Si kamari, Baba. Tunakaa wanne katika saluni ya jirani yangu kinyozi, ikiwa imefungwa. Yeye husimulia safari. Sisi watatu kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anamsemea na kumwamulia, na mambo yakiwa magumu tunarusha dadu. Wa kwangu ni mlinzi. Mwalimu wa hesabu ana mwizi mwenye maneno mengi. Mama Mikate, yule mwenye tanuri pale kona, alikuwa na tabibu, bibi mmoja mkali aliyetibu kila mtu huku akimtukana. Tulimpenda yule bibi kupita kiasi.

Sasa, pale pana desturi. Mtu wako akiwa na siri, unamnong'oneza kinyozi peke yake, na wenzako hawajui mpaka ifichuke yenyewe ndani ya hadithi. Mimi nilikuwa mtetezi mkubwa wa jambo hilo. Mwalimu alikuwa akisema mchezo bila siri ni mchuzi bila chumvi, nami naitikia kwa kichwa. Mlinzi wangu nilimpa siri hii: sikio lake la kushoto halisikii kitu, naye anaogopa wenzake wakijua watamnyang'anya mkuki na kumwachia kuchunga mizigo.

Basi yakatokea ya kutokea. Katika hadithi tulipumzika mlimani, mlinzi wangu akawekwa zamu, jabali kuliani kwake, korongo kushotoni. Kinyozi akatangaza kwamba majambazi wanapanda kutoka korongoni, kisha akaniuliza, kwa uso wa mtu asiye na hatia, kama mlinzi amesikia lolote. Nikasema hajasikia. Mama Mikate akacheka akidhani natania. Sikuwa natania. Dadu zikarushwa, zikatukataa, na yule bibi akafa akiwa na bandeji mkononi.

Mama Mikate hakugomba. Alikusanya dadu zake, akajitanda mtandio, akaondoka, hata bakuli lake akalisahau. Jumapili iliyofuata alirudi, ndipo ubishi ukaanza: tufichane au tusifichane? Mwalimu alishikilia kwamba akijua siri za wenzake hatashtuka tena, na kushtuka ndiko kunakomleta pale. Kinyozi alilalamika kwamba siri zikitangazwa yeye atabaki na kazi gani, si bora arudi kunyoa. Mama Mikate aliwaacha wakamaliza. Kisha akasema haumii kwa kuwa bibi yake amekufa, maana kufa kila mtu atakufa. Anaumia kwa sababu walitembea na yule mlinzi mwaka mzima, wakala naye, na hakuwapa nafasi ya kumfaa. Angejua, bibi yake angesimama kushotoni kwake, basi. Mkuki nani angemnyang'anya?

Baba, nililia. Na saluni ile ina vioo kila upande, kwa hiyo nilijiona nikilia mbele, nyuma na ubavuni, aibu tupu! Mwalimu alidhani namlilia tabibu, akanipa taulo la kunyolea. Nikawaambia kwamba lile sikio si la mlinzi. Ni langu.

Ndiyo, Baba. La kushoto limekufa, na la kulia linapungua. Ndiyo maana simu naikwepa: sauti ya Mama inanifikia kama nyuki ndani ya kopo, nami nasingizia mtandao. Sikukwambia kwa sababu uliniachia karakana ukisema fundi ni sikio, nikaogopa utajuta kwa kumkabidhi mtu asiyefaa. Niliogopa sana. Mama Mikate alinikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akanipeleka hospitali mwenyewe, amenishika mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Daktari alisema la kulia litasaidiwa na kifaa, na ninacho tayari. Siku ya kwanza nilisikia viatu vyangu mwenyewe, nikageuka kuona nani ananifuata.

Mchezo nao tumeuwekea sheria: watu wetu wa kubuni wafichane watakavyo, ila sisi tunaokaa mezani tuambiane. Mwalimu alinuna wee, na sasa ndiye anayefurahi kuliko wote, maana kumtazama mwizi wake akinaswa na jambo ambalo yeye mwalimu analijua kunamvunja mbavu. Mama Mikate amekuja na mtu mpya, mjukuu wa yule bibi. Kila tukisimama njiani, binti huyo huenda kushotoni kwa mlinzi, na akiulizwa sababu anasema hajui, amepapenda tu.

Kazi haijalala. Nikitaka kujua ugonjwa wa cherehani, naweka kiganja ubavuni mwake, nafumba macho, nazungusha gurudumu. Mkono unaniambia. Nilidhani nimevumbua, mpaka juzi nilipokuwa nimekaa hivyo hivyo, nikakukumbuka wewe. Ndivyo ulivyokuwa ukikaa, kiganja ubavuni, macho umefumba, nami mtoto nikadhani unasali. Kisha ulikuwa ukiniuliza, kila mara, hebu kinasemaje; nikishakueleza kinalia wapi, unakifungua papo hapo. Miaka yote hiyo nilidhani unanifundisha tu. Na kwenye simu, Baba, mbona Mama akikupa unajibu kwamba hamjambo kabla sijauliza, halafu unamrudishia haraka?

Sikuhoji. Siri ya mtungi muulize kata, na mimi kata nimechota humo tangu utoto. Kama nimekosea, unisamehe na ucheke. Kama sikukosea, jua kwamba ile sheria yetu ya mezani nimeileta na nyumbani.

Njooni mnitembelee. Daktari yule ni mpole, na Mama Mikate ameshasema mkono wa kukushika anao. Msalimie Mama, mwambie pembe zimeng'oka. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia.

Ukifika, kaa kuliani kwangu. Wako ni upande gani?

Mwanao akupendaye,
Sindano