Ukurasa wa Kumi na Tisa

Tooting, 11 Februari 2024

Mwanangu Peris,

Hujambo huko Barking? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Mimi niko salama, ila magoti yananisema kila nikipanda ngazi. Nakuandikia kwa mkono kama nilivyofanya ulipokuwa shule ya bweni. Simu ni za kuulizana umefika wapi.

Sasa sikiliza. Kampuni yenye makao yetu ya wazee inatafuta mtaalamu wa kuchunguza kwa nini wafanyakazi wanaacha kazi. Nikajiambia, si ndio huo udaktari wa Peris, saikolojia ya watu kazini? Umesoma miaka sita na hujapata mteja hata mmoja. Omba. Usiseme tunajuana.

Uliniuliza kazi ikoje. Kumwogesha mtu tumepangiwa dakika kumi na mbili. Mzee Mansukh alizaliwa Kisumu, na siku hizi Kiingereza kimemtoka chote. Haingii majini mpaka umuulize kwa Kiswahili kama yamepoa, halafu akusimulie duka la baba yake. Hiyo ni nusu saa. Basi kwenye fomu naandika kumi na mbili, na zilizozidi nazitoa kwenye saa yangu ya chakula. Hilo liwe letu wawili.

Shangazi yako,
Nyambura

Barking, 3 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Magoti yanasemaje? Kifua changu kimepona, tena kwa furaha. Nimepata kazi ile! Nilikaa kwenye ngazi za ofisi yao nikalia, watu wakinipita.

Nitahoji watu arobaini na sitamtaja yeyote. Tasnifu yangu nzima ilihusu kwa nini watu hunyamaza mbele ya wakubwa wao, kwa hiyo hapo usinifundishe. Wewe sitakuhoji, wasije wakasema nimependelea. Na barua zako hazitoki mikononi mwangu.

Nimebandika mlangoni ile picha ya mahafali, umevaa kofia yangu upande. Bila wewe ningekuwa nimeacha shule mwaka wa pili.

Mwanao,
Daktari Peris (nacheka nikiandika)

Tooting, 20 Juni 2024

Mwanangu,

U mzima? Kimya chako ni cha kazi, najua. Mimi sina habari njema.

Jumatatu meneja aliniita. Fomu zangu za miezi mitano zilikuwa mezani. Akasema naandika dakika za uongo, na nimefukuzwa. Viza yangu ni ya kampuni. Nisipopata mwajiri mwingine wa kunidhamini ndani ya siku sitini, narudi nyumbani Nyeri.

Sijui nani alinisema. Namshuku Poonam wa jikoni, maana ndiye huniona sili. Nimeacha kumsalimu.

Wewe wanakuheshimu pale. Niombee kwao, hata kwa barua moja.

Shangazi yako,
Nyambura

Barking, 14 Agosti 2024

Shangazi,

Sikuulizi hali, maana sistahili kujibiwa. Barua yako nimekaa nayo wiki nane.

Si Poonam. Ni mimi. Wale watu arobaini walinijibu kwa woga, maneno makavu matupu, na nilitaka wakubwa waguswe. Ukurasa wa kumi na tisa wa ripoti niliandika kwamba mfanyakazi mmoja hutoa saa yake ya chakula ili amuulize mzee kwa Kiswahili kama maji yamepoa. Nilifuta jina, umri, hata mtaa. Kiswahili sikukifuta, na mle ndani mfanyakazi anayekisema ni wewe tu.

Nilielewa nilipoisoma barua yako mara ya kwanza. Tarehe mbili Julai wakanipa mkataba wa makao mengine sita. Nilisaini barua ikiwa mkobani, na sikusema neno. Naona aibu, Shangazi. Nisamehe.

Mwanao,
Peris

Tooting, 17 Agosti 2024

Peris,

Barua imefika. Naondoka kesho kutwa.

Nilikwenda kumwomba Poonam radhi, akanipikia chai. Yeye hakuwa na neno.

Uliyoyaandika kwenye ripoti siyo yanayoniuma. Mtu hukosea. Zinaniuma hizo wiki nane. Kila asubuhi posta ikipita nilikuwa nainama mlangoni na magoti haya, nikitafuta mwandiko wako.

Usije uwanja wa ndege. Nenda kamwone Mzee Mansukh.

Nyambura

Barking, 8 Novemba 2024

Shangazi,

Nyeri kuna baridi sasa? Hii ni barua ya nne, na zile tatu najua zimefika.

Mkataba niliurudisha. Hilo halikukurudishia kitu. Kwa Mzee Mansukh naenda kila Jumamosi, kama mgeni wa kawaida. Mara ya kwanza nilikuta wahudumu wameshindwa kumwogesha, nikamuuliza kama maji yamepoa. Akanitazama sana, akasema, "Nyambura amechelewa leo." Nikamwambia uko njiani. Akakubali kuoga.

Tangu hapo ananiuliza kila wiki, nami namjibu hivyo hivyo. Kesho ni Jumamosi tena.

Niandikie neno moja nikamsomee. Mimi usiniandikie, kama huwezi. Mwandikie yeye.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Peris